Tusiwarushe ndege wa safari kwa ajili ya picha, hasa mvua ikinyesha

Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu.

Naandika kuhusu ile picha kubwa mliyoitoa ukurasa wa kati, kundi zima la vitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni wenye mbio, limeruka juu ya bwawa, wingu jeusi nyuma yao, michirizi ya mvua inaonekana kabisa, na chini yake mkaandika "Ndege wakifurahia mvua". Picha ni kali, hilo sibishi, rangi zimetulia na aliyeipiga mkono wake ni mzuri. Lakini hao ndege hawafurahii chochote pale. Iangalieni tena. Wote wamegeukia upande mmoja, upande ulio mbali na kamera, shingo zimenyooka, miguu bado inaning'inia haijakunjwa, yaani wameinuka sekunde hiyohiyo. Ndege wanaohama sehemu kwa hiari yao kwenda kula au kulala hawaondoki hivyo. Hao wamekurupushwa, na waliokurupushwa ni ndege wa safari, wahamaji waliotua kupumzika kwa sababu mvua imewakatiza njia, na ndo maana nimeshindwa kunyamaza.

Nisieleweke vibaya. Mimi mwenyewe ni mtu wa darubini na kamera, na siku za mvua msimu wa uhamaji ndo siku ninazozisubiri kuliko zote katika mwaka, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu anayeipenda hii shughuli na anataka ifanyike vizuri.

Watu wengi mawingu yakitanda wanaahirisha. Wanaona ndege watakuwa wamejificha, mwanga utakuwa mbaya, vifaa vitaloa. Kumbe kwa ndege wahamaji ni kinyume kabisa. Hawa ndege, hasa wale wadogo wa vichakani wanaokula wadudu, wengi wao wanasafiri usiku. Usiku hewa imetulia, kuna ubaridi kwa hiyo mwili haupati joto sana kwa kupiga mabawa masaa kwa masaa, mwewe na kozi wengi wamelala, na njia wanaisoma kwa nyota na kwa nguvu ya sumaku ya dunia. Anga likiwa jeupe na upepo unawasukuma kwa nyuma, wanapita juu yetu maelfu kwa maelfu wala hatuna habari, asubuhi unakuta vichaka vitupu. Sasa wakutane na mvua huko juu, au upepo ugeuke uwapige usoni, hapo hawana ujanja, wanashuka. Wanashuka popote, mti wa kwanza, majani, ukingo wa maji, hata barabarani. Asubuhi yake unatoka unakuta kichaka ambacho jana hakikuwa na kitu leo kila tawi linacheza.

Kuna sehemu duniani zimepata umaarufu kwa jambo hilihili. High Island, pwani ya Texas huko Marekani, mwezi wa 4 ndege wanaondoka rasi ya Yucatán wanaivuka Ghuba ya Mexico, karibu kilomita 1,000 za maji matupu, na kukiwa na mvua na upepo wa kaskazini wanafika wamechoka kiasi kwamba wanaishia kwenye miti ya kwanza wanayoiona ufukweni, na watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kuwaona. Na kule Ngulia ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya, mwezi wa 11 na wa 12, usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka na taa za loji zinawaka, ndege kutoka Ulaya na Asia wanateremka kwa wingi, na tangu 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, wanawavisha pete mguuni, wanawapima, wanawaachia waendelee na safari. Ndege wa Ngulia wamekuja kupatikana na pete zao mpaka Ulaya na Mashariki ya Kati. Yaani ukungu na mvua ndo vimetufundisha sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu njia zao.

Kwa hiyo mvua ni nafasi ya kipekee, ndo hoja yangu ya kwanza, tokeni. Lakini ndege unayemwona siku hiyo ni ndege aliyeishiwa, na hapo ndo kazi inapoanza kutaka utu.

Siku niliyotoka mimi ilikuwa mvua ile ya polepole isiyokatika, iliyoanza tangu usiku. Nikajibanza nyuma ya matete ukingoni mwa bwawa, koti la mvua mwilini, kamera imefunikwa, nikakaa. Mwanzoni huoni kitu zaidi ya maji kudunda juu ya maji. Halafu ukiwa umetulia kweli wanaanza kukuzoea, mmoja anatoka, mwingine anatoka. Keremkerem, ndege wa kijani wanaokula nyuki, walikuwa wamejipanga kwenye tawi moja wamebanana mabega, kila mmoja kajikunyata, wa katikati ndo wenye nafuu maana hawapigwi na upepo, na kila baada ya muda wa pembeni anaruka anakuja kujipenyeza katikati, wote wanasogea, tawi linayumba, wanatulia tena. Mbayuwayu wamekaa kwenye matete, wengine wako chini kabisa kwenye tope, kitu ambacho siku ya jua si rahisi kukiona kwa sababu maisha yao hao yako hewani.

Aliyenikaa moyoni zaidi alikuwa kitwitwi mmoja aliyekuwa karibu kiasi kwamba darubini haikuwa na kazi. Alisimama kwa mguu mmoja, mwingine kaukunja ndani ya manyoya ya tumbo, mdomo ameuchomeka mgongoni, jicho linafunga, linafunguka nusu, linafunga. Matone yakimwangukia mgongoni yanajikusanya yanakuwa vishanga, vinateleza kufuata mpangilio wa manyoya mpaka ncha ya mkia, kimoja kinaning'inia, kinadondoka, kinafuata kingine, na chini yake manyoya makavu. Manyoya ya ndege yana vijinyuzi vilivyoshikana kwa vijindoano vidogo sana, kama zipu, na kuna tezi juu ya mkia inayotoa mafuta ambayo ndege anayapaka mwili mzima kwa mdomo. Hiyo ndo inayozuia maji. Lakini ili ifanye kazi lazima manyoya yakae sawa na ndege atulie, akilala hivyo akiwa amejiviringisha hewa inabaki ndani ya manyoya na joto halitoki. Akiruka kwenye mvua mpangilio wote unafunguka, maji na upepo vinamfikia.

Baadaye wakaja watu na kamera kubwa, wakashuka mpaka ukingoni, na mmoja akapiga makofi. Kundi lote likanyanyuka. Ikawa sauti za shata za kamera tu. Ndege wakazunguka bwawa mara kadhaa ndani ya mvua ile, wakatua upande wa pili, na wale watu wakazunguka wakawafuata, makofi tena. Yule kitwitwi wangu aliondoka na kundi na kwenye ule ukingo hakurudi.

Sasa hesabu ya hilo ruko moja tuifanye wote. Ndege anayejiandaa na safari ndefu anakula mpaka mafuta yanajaa mwilini, wapo ambao uzito wao unakaribia kuwa mara 2 ya kawaida yao, na mafuta hayo ndo petroli pekee waliyonayo. Mwaka 2022 sululu mmoja mchanga, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, wa aina ya Limosa lapponica, mwenye umri wa kama miezi 5 tu, aliyefungwa kifaa cha satelaiti, aliondoka Alaska mwezi wa 10 akatua Tasmania, Australia, baada ya kilomita 13,560 na siku 11 bila kutua hata mara moja. Hakula, hakunywa. Hawa ndege kabla ya kuondoka hata utumbo wao unapungua ukubwa ili wasibebe mzigo usio na kazi angani. Mwili umepangwa kwa kiasi hicho cha ubanifu, halafu anafika kituo cha kupumzika, mvua inamlazimisha kutulia, na sisi tunamrusha ili tupate picha ya mabawa yamefunguka. Akirushwa mara moja labda anavumilia. Akirushwa na kila anayefika pale, kuanzia asubuhi mpaka jioni, siku nzima anatumia badala ya kuweka, na safari iliyobaki haipungui.

Na mvua yenyewe bila sisi tayari ni mtihani. Wadudu hawaruki mvua ikinyesha na baridi ikizidi, kwa hiyo mbayuwayu hawali. Mwaka 1974, wakati wa uhamaji wa kuelekea kusini, baridi na mvua mfululizo ziliwashika mbayuwayu kaskazini mwa milima ya Alps, wakawa wanakufa kwa njaa na uchovu, na watu wa Uswisi na Ujerumani wakaamua kuwaokota kwa mikono, wakawaweka kwenye maboksi, wakawasafirisha kwa treni na ndege za abiria kuwavusha milima wakawaachia upande wa kusini kwenye jua. Walikuwa mamia ya maelfu. Mimi kila nikikumbuka habari hiyo naona jinsi watu wa kawaida kabisa, wasio wataalamu, walivyoelewa kwamba ndege aliyekwamishwa na mvua anahitaji msaada. Sisi hatuambiwi tuwabebe, tunaambiwa tu tusiwasumbue.

Najua kuna wapigapicha watasoma hapa waseme huyu anataka tupige picha za ndege waliolala. Hapana jamani. Siku ya mvua picha nzuri zipo nyingi ajabu na hakuna hata moja inayotaka ndege arushwe, ngoja niseme ninavyofanya mimi labda itamsaidia mtu.

Kwanza mwanga wa mawingu ni mzuri, watu wanausingizia. Unasambaa, hauna vivuli vikali, ndege mweupe haungui kwenye picha na mweusi hapotei, na manyoya yaliyolowa kidogo rangi inakolea, kijani cha keremkerem siku ya jua na siku ya mvua ni vitu viwili tofauti. Shida ni kwamba ni mdogo, kwa hiyo usiogope kupandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, 1600, 3200, hata zaidi kwa kamera za siku hizi, chengachenga kwenye picha unaweza kuzipunguza baadaye lakini picha iliyotikisika haina dawa. Ndege aliyetulia unaweza kushuka mpaka spidi ya shata ya 1/125 ya sekunde kama lenzi umeiegemeza kwenye kitu, tripodi au mfuko wa mchanga, na hapo kuna raha moja, ukishusha spidi ya shata kiasi hicho mvua inachora mistari, ukipandisha 1/1000 kwenda juu inaganda inakuwa nukta. Vyote vinapendeza, chagua unachotaka kusema. Ila ili mvua ionekane kabisa tafuta nyuma ya ndege kuwe na giza, miti au kivuli cha matete, ukimweka mbele ya anga jeupe mvua haionekani na kamera yenyewe inadanganyika inamfanya ndege awe kivuli cheusi, hapo ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu.

Fokasi nayo inasumbua, inakamata matone badala ya ndege. Punguza iwe nukta moja, iweke juu ya jicho. Na lala chini. Najua ni tope, lakini lenzi ikiwa usawa wa jicho la kitwitwi picha inabadilika kabisa, unaona dunia kwa urefu wake yeye, na pia ukiwa chini hauonekani mrefu, haumtishi.

Vifaa, kwa kifupi. Kofia ya lenzi, ile inayochomoza mbele na si kifuniko, isitoke, hiyo ndo mwavuli wa kioo. Mfuko wa nailoni uliotobolewa tundu la lenzi na kufungwa kwa mpira unatosha kabisa, usisubiri kununua kava maalumu. Kitambaa kikavu kiwe mfukoni ndani, si cha nje kitakacholowa. Usibadilishe lenzi kwenye mvua, hata kwa sekunde. Na ukirudi sehemu yenye joto usiitoe kamera hapohapo, iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, la sivyo ukungu unajitengeneza mpaka ndani ya vioo na ukungu huo ndo unaozaa kuvu. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, viwekeni kwenye begi.

Gari ni maficho bora kuliko yote kama unaweza kulifikisha karibu. Ndege hawaliogopi gari lililosimama kama wanavyomwogopa mtu anayetembea. Zima injini, shusha kioo cha upande usio na upepo, lenzi iegemee mlangoni, tulia.

Halafu kuna kujua kusoma ndege. Akiwa na amani analala, anakula, anajichambua manyoya. Akianza kunyanyua kichwa, kunyoosha shingo, kutembea kukuacha, kutikisatikisa mkia au kutoa mlio mfupi wa kurudiarudia, ameshakwambia umekaribia mno, na usisubiri aruke ndo ujue. Rudi nyuma. Taratibu, bila kugeuka ghafla. Mara nyingi ukirudi hatua chache tu analala tena na picha unaipata.

Sauti za ndege za kwenye simu wekeni pembeni kabisa siku hiyo. Ndege akisikia sauti ya mwenzake anadhani kuna mpinzani au kuna mwito, anatoka alipojikinga anakuja kwenye mvua kutafuta kitu ambacho hakipo. Fleshi pia hapana, kwanza inawasha kila tone lililopo mbele yako picha inajaa madoa meupe. Na droni juu ya ndege waliopumzika, hiyo kwao ni sawa na tai aliye juu yao, sioni hata namna ya kuitetea.

Na anayetaka picha ya mabawa asubiri mvua ikatike. Hapo ndo patamu. Mvua ikiacha tu wote wanajikung'uta, maji yanatoka pande zote, wananyoosha bawa moja na mguu wa upande huohuo, wanapaka mafuta manyoya, mbayuwayu wanashuka chini kabisa karibu na maji wakiwafuata wadudu walioanza kuruka na wanakunywa hukohuko hewani, mdomo unachora mstari juu ya maji. Sehemu za joto kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua ndo utachoka mwenyewe, teleka, kambu, keremkerem, korongo, na kozi wa Amur, wote wanakuja kwenye karamu hiyo. Huyo kozi wa Amur ana uzito usiofika hata robo kilo, anazaliana huko Siberia mashariki na kaskazini mwa China, anapita India, anavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja anaingia Afrika, na huku anafuata mvua kwa sababu mvua ndo inamletea chakula. Mwaka 2012 huko Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, watu walikuwa wanawanasa kwa nyavu makumi ya maelfu wakiwa kwenye kituo chao cha kupumzikia, picha za mauaji hayo zikasambaa, na 2013 wanavijiji wenyewe wakaacha na wakageuka walinzi wao. Picha zina nguvu hiyo Mhariri. Ndo maana naumia ikitumika vibaya.

Kuna jambo lingine ambalo picha ya ndege aliyetulia inalifanya na ile ya kundi lililokurupushwa haiwezi. Pete. Tangu 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alipowavisha kwezi pete za alumini zenye namba na anuani, kuvisha ndege pete ndo imekuwa njia kuu ya kujua nani anatoka wapi anaenda wapi. Kabla ya hapo watu wazima wenye elimu zao waliamini mbayuwayu wanajizika kwenye tope chini ya maziwa kipindi chote cha baridi, na mwaka 1822 korongo mmoja alionekana Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika umempita shingoni, yu hai, amerudi nao safari nzima, mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock, na huyo akawa ushahidi usiopingika kwamba wanaenda mbali. Siku hizi ndege wa pwani wengi wanavishwa pete za rangi na bendera ndogo zenye herufi, na herufi hizo zinasomeka kwenye picha. Ukikaa kimya ndege akashusha ule mguu wa pili aliouficha, ukapiga ukaona kuna pete, ukaituma kwa wanaosimamia pete, unarudishiwa habari zake, alivishwa wapi na lini. Hiyo ni picha ambayo imeongeza kitu duniani. Vilevile rekodi za kawaida, aina gani na wangapi, zikiingizwa kwenye eBird, hifadhi ya mtandaoni ya rekodi za ndege ambayo Chuo cha Cornell cha Marekani waliianzisha 2002, zinatumika na watafiti kila pembe, na siku za mvua ndo zinahitaji watu zaidi maana wote tukibaki nyumbani siku hizo zinabaki tupu.

Neno moja kuhusu taa, kwa sababu linawahusu hata wasio na kamera. Usiku wa mvua na mawingu mazito ndege wanaruka chini kuliko kawaida na taa zinawavuta, wanazunguka jengo lililowaka mpaka wanachoka au wanagonga vioo. Alfajiri ya tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 2023, Chicago, karibu ndege 1,000 waliokotwa wamekufa chini ya jengo moja tu, McCormick Place, ulikuwa usiku wa uhamaji mkubwa, mvua ikawashusha, vioo na taa vikamaliza. Mwaka uliofuata walibandika vinukta kwenye vile vioo ili ndege wavione. Kuzima taa zisizo na kazi usiku kwenye majira ya uhamaji hakuhitaji mkutano. Ni swichi. Na kwa vile mna ukurasa wa hali ya hewa kila siku, mstari mmoja tu pale kwenye usiku wa mvua za msimu, kwamba wahamaji wanapita zimeni taa za nje na shusheni mapazia, ungefika kwa watu wengi kuliko mimi nitakavyoweza maisha yangu yote.

Sasa maombi yangu kwenu. Picha ya ndege ikija mezani kwenu, kabla hamjaichapa mwulizeni aliyepiga swali moja, hawa ndege waliruka kwa nini? Akisita, wekeni pembeni, hata kama ni kali kiasi gani, kwa sababu mkiichapa ukurasa mzima kila kijana mwenye kamera mpya anajifunza kwamba hiyo ndo picha inayotakiwa na kesho anaenda kupiga makofi. Mkichapa yule kitwitwi wa mguu mmoja kwenye mvua watajifunza kukaa na kusubiri. Nyie ndo mnaamua.

La pili, majina. Mwanasiasa akipigwa picha mnaandika jina na cheo, mchezaji mnaandika jina na timu, ndege aliyevuka mabara mnaandika "ndege". Andikeni ni nani, hata kwa ujumla tu, kitwitwi, mbayuwayu, membe, korongo, na kama ni mhamaji semeni ni mhamaji. Wapo watu wa kuwauliza, watu wa ndege ni wepesi sana kusaidia, ukituma picha kwao jibu linarudi hata chai haijapoa.

La tatu, sehemu. Akitokea ndege adimu amechoka na mvua kasimama kwenye kidimbwi fulani, msitaje kidimbwi siku hiyohiyo. Subirini aondoke. Habari yake itakuwa tamu vilevile wiki moja baadaye na yeye atakuwa amefika anakoenda.

Siku ya Ndege Wahamaji Duniani ilianza kuadhimishwa 2006, na siku hizi ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa 5 na Jumamosi ya pili ya mwezi wa 10. Naomba ijayo mtupe hata nusu ukurasa. Picha zangu za siku ile ya mvua nawatumia bure, za keremkerem kwenye tawi na za kitwitwi kabla hajarushwa, kila moja na jina la aina, umbali niliokuwa na alichokuwa anafanya. Mkipenda pia niwaandikie maelezo ya kutambua wahamaji wa kawaida, nitaandika, nyie semeni tu mnataka urefu gani.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi na mpenzi wa ndege